Nguzo ya Malindi na Mwalimu wa Nyota



Liko neno katika lugha yetu lililodhulumiwa mno, nalo ni neno falaki. Asili yake ni njia zinazopitwa na jua, mwezi na nyota mbinguni, na ilimu ya falaki ni ilimu ya kuujua mwendo huo kwa kutazama na kwa hesabu. Lakini mwulize mtu yeyote katika mitaa yetu, awe wa Mkomani au wa Langoni, akwambie mtu anayesemwa kuwa "apiga falaki" afanya kazi gani. Atakujibu kuwa ni mtu wa bao na ramli: huulizwa siku njema ya kuoa, huulizwa mwizi ni nani, huulizwa mgonjwa amepatwa na nini, kisha hupewa chake akaenda zake. Ilimu iliyowavusha wazee wetu bahari kuu imekuwa leo jina la biashara ya kuwapumbaza watu.

Katika somo hili twataka kulirudisha neno hili mahali pake. Sababu ya kulisema sasa ni ziara tuliyoifanya sisi wanafunzi wa darsa kwenda Malindi kuitazama nguzo inayojulikana kwa jina la Vasco da Gama. Huenda msomaji akauliza nguzo ya Mreno yahusiana nini na falaki. Tutamwonyesha kuwa chini ya nguzo ile amefichika mwalimu wa nyota, na kwamba sisi wenyewe, kwa kupokea khabari bila ya kuzichunguza, tumezidi kumficha.

Tulivuka asubuhi hadi Mokowe, tukapanda gari, tukapita Witu na Garsen na kuuvuka mto Tana. Kabla ya kufika Malindi iko njia ya kushoto iendayo Ngomeni, na hapo twaomba ruhusa ya kusimama kidogo. Katika bahari ya Ngomeni Wataliano walijenga majukwaa ya chuma, na kutoka hapo tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, kilirushwa chombo cha angani kilichopewa jina la Uhuru. Hicho kilikuwa chombo cha kwanza duniani kupelekwa mbinguni kwa kazi ya kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei, miale isiyoonekana kwa macho wala haipenyi hewa kutufikia. Orodha iliyotokana na kazi yake ilikuwa na vitu 339. Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wataalamu wa kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hivyo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima limo neno la Kiswahili, na chombo chenye jina hilo kiliondoka katika maji wanayovua jamaa zetu. Ni vijana wangapi wa pwani wanaoijua khabari hii? Katika gari letu hakuwako aliyeijua illa mmoja.

Sasa tuje kwenye nguzo. Iko kwenye rasi, juu ya majabali, na bahari imeizunguka. Ni mnara wa mawe uliopakwa rangi nyeupe, mpana chini na mwembamba juu, na kileleni pana msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Mahali hapo huangaliwa na Makumbusho ya Taifa, na mgeni hulipa kiingilio. Upepo ni mwingi na mandhari ni nzuri, hilo hatulikatai. Wageni hupiga picha, wakasoma jina la Vasco da Gama, wakarudi. Nasi tulisimama hapo, na mmoja wetu akauliza swali ambalo ndilo lililozaa somo hili: Aliyejengewa nguzo ni yule aliyeongozwa, je, aliyeongoza yuko wapi?

Tuitazame tarekhe. Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya mwezi wa Aprili 1498. Alikuwa ametoka Mombasa kwa uadui, na mfalme wa Malindi, ambaye hakuwa na mapenzi na Mombasa, alimpokea vizuri. Mreno yule alikuwa na merikebu, mizinga na dira, lakini hakuijua njia ya kwenda Bara Hindi. Alimwomba mfalme ampe kiongozi, akapewa. Tarehe 24 Aprili waling'oa nanga. Mtu mmoja aliyekuwamo katika safari ile aliandika khabari za kila siku, na daftari yake imebaki mpaka leo. Ameeleza kuwa siku chache baada ya kuondoka waliiona tena nyota ya Jaa, ambayo walikuwa hawajaiona kwa muda mrefu, na kuwa walikwenda siku 23 bila ya kuona bara. Tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Kalikut. Siku 23 juu ya maji matupu, na wakatokea karibu ya mahali walipopakusudia! Hiyo si kazi ya kubahatisha.

Mwaka uliofuata, katika kurudi kwao, ndipo Wareno walipoweka msalaba Malindi kuwa alama yao. Yaliyokuja baadaye hayana haja ya kuelezwa sana kwa watu wa Lamu. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zilitekwa na kuporwa. Mwaka 1506 Lamu ilitozwa kodi. Mwaka 1587 Faza ilibomolewa na minazi yake ikakatwa. Na mwaka 1589 mfalme wa Lamu akauawa kwa amri ya Wareno. Kwa hivyo swali la nani aliyewaongoza si swali dogo kwetu. Ni swali lenye uchungu, na penye uchungu watu huwa wepesi wa kutaja jina.

Jina linalotajwa ni Ahmad bin Majid. Msomaji amelisikia shuleni, amelisikia barazani, na pengine amelisoma katika vitabu vya watalii. Wengine humtaja kwa fakhari, kwamba bila ya Mwislamu Mreno asingefika. Wengine humtaja kwa laana, kwamba Mwislamu ndiye aliyewafungulia maadui mlango. Na katika wanaomlaani wako wanaoongeza kuwa alinyweshwa ulevi ndipo akaitoa siri.

Hapa ndipo tunapopenda kuwakumbusha ndugu zetu kanuni ambayo wanavyuoni wetu waliifanya kuwa nguzo ya dini. Mtu akileta hadithi huulizwa: umeipokea kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani, na je, walikutana? Kanuni hii twaisifu sana tunapoitumia katika hadithi za Mtume (s.a.w.), kisha twaisahau mara tutokapo nje ya msikiti. Na tuitumie katika jambo hili.

Yule mwandishi wa daftari, aliyekuwamo safarini, hakutaja jina. Amesema tu kuwa mfalme aliwaletea kiongozi Mkristo. Na Wareno siku zile walikuwa wakiwadhani Wahindi kuwa ni Wakristo, basi huenda alimwona mtu wa Bara Hindi. Waandishi wa tarekhe wa Kireno waliokuja miaka 50 hivi baadaye, Castanheda na João de Barros, wamesema kuwa alikuwa mtu wa Gujarati. Castanheda amemwita Canaqua, na Barros amemwita Malemo Cana. Hakuna hata mmoja wao aliyemtaja Ahmad bin Majid.

Aliyemtaja ni Qutbuddin al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, katika kitabu chake cha kufunguliwa Yaman na Waturuki. Yeye ndiye aliyeleta kisa cha ulevi. Lakini Qutbuddin aliandika karibu na mwaka 1577, yaani miaka 80 hivi baada ya tukio, naye alikuwa hajazaliwa lilipotokea, kwani kuzaliwa kwake ni mwaka 1511. Hakutaja aliyempa khabari. Kisha khabari hiyo ikalala mpaka karne ya ishirini, alipokuja mtaalamu wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, akaiunganisha na vitabu vya Ahmad bin Majid vilivyopatikana Paris. Kutoka hapo ikaenea katika vitabu vya shule mpaka ikaonekana kama kwamba haina shaka. Mwingereza G. R. Tibbetts, aliyekifasiri kitabu kikubwa cha Ibn Majid mwaka 1971, hakuridhika nayo. Na Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mtawala wa Sharjah, ameandika kitabu kizima kumtetea.

Ibn Majid mwenyewe, katika mwaka 1498, alikuwa mzee aliyepita miaka 60 kwa makisio ya wataalamu. Ameacha utenzi mrefu wa Kiarabu juu ya njia za bahari ya pwani yetu hadi Sofala, ambao nakala yake ilikuwa Leningrad na ikachapishwa mwaka 1957. Ndani yake wanatajwa Mafaranji waliofika Kalikut, ingawa wako wataalamu wanaoona kuwa beti hizo zimetiwa na mkono mwingine. Hata tukizikubali, humo hasemi popote kuwa yeye ndiye aliyewaongoza.

Basi hukumu yetu ni hii: khabari ya kuwa Ahmad bin Majid alimwongoza Vasco da Gama ni khabari dhaifu, na kisa cha ulevi ni dhaifu zaidi. Kumsingizia ulevi Mwislamu aliyekufa, kwa mapokezi yaliyokatika miaka 80, ni jambo la kuogopwa. Angekuwa hai, na mtu akamsema hivyo mbele ya kadhi, angetakiwa mashahidi. Je, kufa kwake kwahalalisha heshima yake?

Lakini tusiondoke hapa upesi, maana katika lile jina la Barros mna jambo la ajabu. Malemo si jina la mtu. Ni neno la Kiarabu mu'allim lililopita katika sikio la Mreno, nalo kwetu ni mwalimu. Mabaharia wa bahari ya Hindi walimwita hivyo yule aliyejua kuongoza chombo, mbali na nahodha aliye bwana wa chombo. Na Canaqua nalo wataalamu huliona kuwa ni neno la Kihindi lenye maana ya mtu wa hesabu, khasa hesabu za nyota. Kwa hivyo aliyeandikwa katika tarekhe kuwa ni fulani hakuandikwa jina lake. Ameandikwa kazi yake: Mwalimu, mhesabu nyota. Jina alilopewa na mamake limepotea, ikabaki ilimu yake. Sisi twaona kuwa nguzo ya Malindi, kama ingetaka kusema kweli yote, ingeandikwa maneno hayo mawili.

Na alikuwa mwalimu kweli. Barros ameeleza kuwa Vasco da Gama alimwonyesha chombo kikubwa cha mbao cha kupimia jua, na vyengine vya shaba, akitaraji atashangaa. Hakushangaa. Alimjibu kuwa viongozi wa bahari ya Sham wana vyombo vyao vya shaba vya kupimia jua na nyota, na kuwa yeye na mabaharia wa Kambaya huongozwa na nyota za kaskazini na za kusini na nyota nyengine mashuhuri, na chombo chao ni kingine. Akakitoa: vibao vitatu. Akatoa pia ramani ya pwani ya Bara Hindi. Na mwenye kutusimulia haya si Mwislamu mwenye kujisifu, ni Mreno.

Tuvieleze vibao hivyo, maana wengi katika vijana wetu hawajapata kuviona. Huitwa kamali (si ile ya haramu, bali kwa maana ya ukamilifu). Ni kibao kidogo cha pembe nne, katikati kina tundu, na katika tundu mmepitishwa uzi wenye mafundo. Baharia hushika uzi kwa meno, akaunyosha mkono mpaka uzi ukakaza, akakiweka kibao baina ya jicho lake na nyota. Ukingo wa chini ukiulingana upeo wa bahari, na ukingo wa juu ukiigusa nyota, basi fundo alilolishika kwa meno humwambia nyota iko juu kiasi gani. Kipimo chao kilikuwa kidole, kwa Kiarabu isba, nacho ni kiasi cha daraja moja na sehemu sita katika kumi. Mwendo wa chombo nao waliupima kwa zamu, kila zamu saa tatu. Zamu nane zikitimia, yaani usiku na mchana, chombo kilichokwenda kaskazini barabara hutarajiwa kuwa kimeipandisha nyota ya Jaa kidole kimoja. Anayetaka kwenda bandari aijue Jaa ya bandari ile ina vidole vingapi. Akifika katika vidole hivyo, hugeuza usukani akaifuata bandari kwa mashariki au magharibi mpaka aione. Hesabu ni nyepesi kwa aliyefunzwa, na wala haihitaji umeme.

Hapa Lamu tuko kusini ya istiwai kwa daraja mbili na robo, kwa hivyo Jaa ya leo hatuioni. Iko chini ya bahari. Walimu wa kale walilijua hilo. Katika nchi ambazo Jaa ni ya chini sana au imezama walitumia Farqadani, nyota mbili zinazoizunguka, na kusini zaidi walitumia nyota za Na'shi. Nyota zilikuwa ndiyo majina ya dira yao: dira iligawanywa sehemu 32, na kila sehemu ikaitwa kwa mahali inapochomoza au inapotua nyota fulani, kama Thuraya, Tairi, Akrabu na Suheli. Msomaji aliyelelewa na wazee wa bahari atakumbuka kuwa wazee hao walisema "jaa" kwa maana ya kaskazini, "suheli" kwa maana ya kusini, na "matlai" kwa upande wa mashariki. Maneno haya yote ni mabaki ya dira ile. Na hesabu ya Nairuzi na miongo yake, ambayo wakulima na mabaharia wetu waliitumia kujua lini kusi litafunga bahari na lini itafunguka, ndiyo hesabu aliyoitumia Ibn Majid katika kuziweka nyakati za safari. Yamo katika kitabu chake kikubwa, Kitabul-Fawaid, alichokikamilisha mwaka 895 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 1490, chenye faida kumi na mbili. Mtu huyu alizaliwa Julfar, katika nchi ya Ras al-Khaimah ya leo, na babake na babu yake walikuwa walimu wa bahari kabla yake. Hana haja ya kuunganishwa na Mreno ndipo ajulikane.

Iko miji iliyowakumbuka watu wake wa falaki. Hatujafika Samarkand, lakini twasoma kuwa mgeni afikapo huko huonyeshwa sanamu ya Ulugh Beg na mahali palipokuwa na jumba lake la kutazamia nyota. Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, alizaliwa mwaka 1394, akawa mtawala, lakini moyo wake ulikuwa katika hesabu. Alijenga madrasa, akawakusanya wataalamu kama Qadhi Zade, al-Kashi na Ali Qushji, na akajenga chombo cha kupimia jua kilichochimbwa katika jabali, nusu kipenyo chake mita 40. Kazi yao ilitoka katika Zij ya mwaka 1437, yenye mahali pa nyota 1,018. Mwaka walioupima kwa nyota ulikosea chini ya dakika moja. Mwaka 1449 Ulugh Beg aliuawa kwa amri ya mwanawe mwenyewe, na jumba lile likabomolewa, wala si na Mafaranji, bali na watu wa dini yake na mji wake. Lilipotea hata mahali pake pasijulikane, mpaka mwaka 1908 lilipochimbuliwa na Mrusi Vasily Vyatkin. Lakini Zij haikubomolewa. Ali Qushji alikwenda na ilimu yake mpaka Istanbul, na mwaka 1665 orodha ya nyota zile ilichapishwa Oxford, miaka kumi kabla ya Waingereza kuanzisha jumba lao la Greenwich. Nguzo za Samarkand zilizoko leo zimesimamishwa na watu waliokuja baada ya karne nyingi kuokota walichokivunja wazee wao.

Sasa turudi katika mitaa yetu na katika lile neno letu. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratul-An'am kuwa amezijaalia nyota ili tuongoke kwazo katika viza vya bara na bahari. Na Qatada, mmoja katika Tabiina, ametaja kuwa nyota zimeumbwa kwa mambo matatu: kuipamba mbingu, kuwapiga mashetani na kuwa alama za kuongokea, na mwenye kuzitafutia jambo jengine amepoteza bahati yake. Haikutajwa humo kuwa nyota ya fulani na nyota ya mchumba wake hazipatani. Wala haikutajwa kuwa chombo kisitoke Jumatano. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume, naye ni baba aliyefiwa na mwanawe siku ile ile, hakuiacha kauli hiyo ipite. Aliwafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Basi ikiwa jua halikufungamana na mwana wa Mtume, litafungamanaje na biashara ya duka la fulani?

Wapiga bao hujitetea kwa kusema kuwa nao wana vitabu vya Kiarabu, na kuwa wazee walivitumia. Ni kweli kuwa ilimu hizi mbili zilichanganyika zamani. Hata neno la Kihindi tulilolitaja huitwa nalo mtu wa hesabu na mtu wa kuagua pia, na huenda mwalimu yule wa Malindi akiulizwa mambo ya siku njema na siku mbaya. Wallahu aalam. Lakini aliyewafikisha watu Kalikut si bao, ni vibao. Bao likikosea, mwenyewe husema masharti hayakutimizwa, akataka kuku mwengine. Kibao kikikosea, chombo hupanda mwamba. Kwa hivyo watu wa vibao walilazimika kusema kweli, na kuziandika hesabu zao, na kuzisahihisha mwana baada ya baba. Khitilafu ya ilimu na ulaghai iko hapo, wala haiko katika lugha kilichoandikiwa kitabu.

Na madhara yake twayaona. Twamjua mgonjwa aliyezungushwa kwa watu wa bao wiki tatu kabla ya kupelekwa hospitali. Twawajua vijana wawili ambao ndoa yao ilivunjwa kwa "nyota" hali wazee wa pande zote mbili wameridhiana. Na Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, sala zake hazikubaliwi kwa siku 40. Mtu husimama safu ya mbele Ijumaa, na Jumamosi yuko ukumbini mwa mwenye bao. Huku watoto wa manahodha, ambao babu zao waliziita nyota kwa majina, leo hawawezi kukuonyesha Suheli.

Wengine katika darsa walitoa rai kuwa tuchange kuweka jiwe la Mwalimu wa nyota hapa Lamu, kwenye gati. Hatukulikataa, walakini tumeona lije baadaye. Jiwe kwa watu wasioijua ilimu litakuwa mahali pa kupigia picha, kama lile la Malindi. Tumeanza badala yake na somo la falaki kila usiku wa Jumanne baada ya Isha, kwa vijana na watu wazima. Jambo la kwanza tunalofundisha ni kibla, maana hilo lamgusa kila mtu mara tano kwa siku.

Kutoka Lamu, Makka iko karibu kaskazini khasa, imeelekea magharibi kwa kiasi cha daraja mbili na nusu tu. Ndiyo maana wazee wetu walipolitaja neno "kibula" walimaanisha kaskazini yenyewe. Na iko njia ya kukihakikisha kibla isiyohitaji dira wala simu. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu ya Al-Kaaba barabara: tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27 mchana. Saa ya Makka na saa yetu ni moja, kwa hivyo hapana haja ya kuongeza wala kupunguza. Wakati huo funga jiwe katika uzi, uuning'inize juu ya ardhi iliyo sawa, upepo usiutikise, utie alama mahali kivuli cha uzi kinapopita. Anayesimama juu ya mstari ule na uso wake kuelekea jua ameielekea Al-Kaaba. Kukosea siku moja mbele au nyuma hakudhuru sana. Twawaomba wanaofanya hivyo wasiende kuanzisha ugomvi msikitini kwa kuona mihrabu imepinda kidogo. Daraja chache hazibatilishi sala, na Mwenyezi Mungu hakutukalifisha hayo. Kusudi ni kujua.

Somo hilo tutalifanya pamoja pwani, Mwenyezi Mungu akipenda, katika siku hiyo ya Mei. Kila mwenye kuja alete uzi wa pima mbili, jiwe dogo, chokaa ya kutilia alama na saa iliyorekebishwa. Mawingu ya masika yakituzibia jua, tutangoja ile ya Julai.